Shangazi wa Safari Anajibu: Miji 8 kwa siku 14, tukate upi?

SWALI

Shangazi shikamoo. Mimi na mume wangu tumejaliwa kupata likizo ya pamoja ya siku 14, na kwa mara ya kwanza tunakwenda kutembea Ulaya, wawili tu, bila watoto. Mume wangu ameshaandaa ratiba: London, Paris, Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, Venice na Roma. Yeye ni mtu wa majengo. Akiona mnara lazima apande, akiona ukuta wa kale lazima ajue nani aliujenga. Mimi napenda picha za wachoraji, na napenda kukaa mahali nikatazama watu wanavyopita. Kila tukiizungumzia ratiba tunaishia kununiana. Anasema tukiacha mji tutajuta, kwa kuwa hatujui kama tutapata nafasi tena. Mimi nahisi nitarudi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Tukate upi? Na tufanyeje ili tusigombane njiani?

Mama Wawili

JIBU

Marahaba mwanangu. Mke na mume kupata siku 14 peke yao si jambo dogo, ndiyo maana inanisikitisha kuona mnataka kuzimalizia stesheni.

Tupige hesabu pamoja. Miji 8 ni kuhama mara 7. Kuhama, hata kwa treni ya mwendo kasi, kunakula nusu siku: mfunge mizigo, mtoke hotelini, mfike stesheni mapema, msafiri, mtafute hoteli mpya, halafu mkae mapokezini na masanduku yenu kwa sababu hoteli nyingi hazikabidhi chumba kabla ya saa nane au saa tisa mchana. Toeni siku ya kufika na siku ya kuondoka, toeni na hizo nusu siku 7, mnabakiwa na siku 8 na nusu. Ni siku moja kwa kila mji, na kwa siku moja Roma mtaona foleni tu.

Kateni minne: London, Paris, Amsterdam na Berlin. Bakizeni Prague, Vienna, Venice na Roma.

London ndiyo nyepesi kuiacha. Uingereza haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo inataka viza yake na ada yake. Amsterdam iko mbali na njia yenu. Berlin imeniuma, maana iko jirani na Prague kwa treni, lakini kila siku mtakayoipa Berlin mtakuwa mmeinyang'anya Roma. Na Paris najua ndiyo itakayomgusa mkwe wangu zaidi. Mwambie Shangazi amesema Paris ipewe safari yake peke yake, hata ikiwa miaka mitano ijayo.

Miji minne inayobaki imejipanga kaskazini hadi kusini, na yote inaunganishwa na reli. Nunueni tiketi ya ndege ya kuingilia Prague na kutokea Roma, msije mkapoteza siku nzima kurudi mlikoanzia. Laleni usiku 3 Prague, 4 Vienna, 2 Venice na 4 Roma. Hapo angalieni jambo moja ambalo watu wengi huliona wakiwa wameshachelewa: maombi ya viza ya Schengen hupelekwa kwa nchi mtakayokaa muda mrefu zaidi, si lazima ile mnayoingilia. Venice na Roma zote ni Italia, jumla usiku 6, kwa hiyo maombi yenu ni ya Italia ingawa ndege itatua Jamhuri ya Czech. Dirisha linafunguka miezi 6 kabla ya safari na maombi yawe yamefika si chini ya siku 15 kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu iwe ya kuanzia euro 30,000. Msingoje wiki za mwisho.

Pasi ya treni ya Ulaya nzima haiwafai. Mna safari tatu tu za reli, na treni za kasi za Italia zinadai mlipie kiti hata mkiwa na pasi. Nunueni tiketi moja moja, mapema, bei zikiwa bado chini. Saa zao huandikwa kwa 24, na ni saa zao: 14:00 ni saa nane mchana, 20:30 ni saa mbili na nusu usiku. Mkishapata tiketi, kaeni chini wawili muandike saa zote upya kwa kalamu jinsi mnavyozisoma wenyewe.

Prague hadi Vienna ni kama saa nne. Vienna hadi Venice inachukua sehemu kubwa ya mchana, na hapo nawaomba msikimbilie treni ya usiku wala ndege. Kaeni dirishani. Baada ya kutoka Vienna treni inapanda milima kupitia Semmering, reli iliyofunguliwa mwaka 1854 na ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 1998. Mtapita juu ya madaraja ya mawe, mengine ya ngazi mbili za matao. Mhandisi aliyeijenga, Carl von Ghega, alizaliwa Venice, kule kule mnakokwenda. Mpe mumeo habari hiyo mkiwa ndani ya behewa, uone kama atasinzia.

Sasa la ugomvi. Kwa niliyoyaona mimi na mjomba wenu, wapenzi safarini hawagombani kwa kukosa mapenzi. Wanagombana kwa kuwa wanalazimishana kuona vitu vilevile kwa mwendo uleule. Mwenye picha anavutwa mkono aondoke, mwenye minara anasubiri kwenye benchi akitazama saa. Dawa yake ni hii: katika kila mji achaneni alasiri moja. Kuanzia chakula cha mchana hadi jioni, kila mtu aende anakokupenda. Mkubaliane mahali pa kukutana ambapo hata simu ikizima mtapaona, mkutane, mle. Kesho yake kila mmoja amwonyeshe mwenzake kitu kimoja alichokipenda jana. Kimoja tu. Mwenye kuonyesha aongee, mwenye kuonyeshwa asikilize, asiseme amechoka.

Nikupe mfano wa Vienna. Mumeo apande mnara wa kusini wa kanisa kuu la Stephansdom. Mnara wenyewe una urefu wa mita 136, na ngazi za kuzunguka 343 zinamfikisha kwenye chumba cha walinzi waliokuwa wakiangalia kama kuna moto mjini. Wewe nenda makumbusho ya sanaa ya Kunsthistorisches Museum, kwenye chumba cha mchoraji Bruegel. Kaa mbele ya "Wawindaji katika Theluji" ya mwaka 1565. Wanaume watatu wanarudi kijijini, wamekupa mgongo, mbwa wao vichwa chini. Utafute mawindo yao: ni mbweha mmoja tu, ananing'inia kwenye mkuki begani mwa mmoja wao. Upande wa kushoto watu wanachochea moto nje ya nyumba ya wageni, na bondeni kule chini, watu wadogo kama punje wanateleza kwenye barafu. Mimi picha hiyo huniweka muda mrefu, maana wawindaji wamechoka na bado hawajafika, na wanaocheza bondeni hawajui kama kuna mtu amerudi karibu mikono mitupu.

Lakini kesho yake usimpeleke mumeo kwenye wawindaji. Mpeleke kwenye "Mnara wa Babeli" wa mwaka 1563, uliomo humo humo katika mkusanyo wa Bruegel. Atauona mnara unajengwa: winchi za mbao, gurudumu kubwa linalozungushwa na watu waliomo ndani yake, mafundi wakichonga mawe, mfalme aliyekuja kukagua kazi, na matao ghorofa juu ya ghorofa. Mjomba wenu, ambaye katika makumbusho hutafuta kiti kwanza, alisimama mbele ya picha ile mpaka mlinzi akaja kumwomba arudi nyuma kidogo. Bruegel alikuwa amefika Roma ujanani mwake, na matao ya mnara ule ameyatoa Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma. Siku chache baadaye, mkisimama mbele ya Colosseum yenyewe, mtakuwa mnatazama kitu kimoja, yeye kwa macho ya jengo na wewe kwa macho ya picha. Ndiyo maana sitaki muwe na haraka: miji inaanza kuongea yenyewe kwa yenyewe mkiipa nafasi.

Roma kuna mahali ambapo hamtahitaji kuachana kabisa, nako ni Pantheon, hekalu la kale la Warumi. Lina karibu miaka 1,900. Kuba lake la zege lisilo na chuma ndani lina upana wa mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi kileleni ni mita 43.3 vilevile. Juu kabisa pako wazi, tundu la karibu mita 9, na mvua ikinyesha inaingia ndani. Sakafu imeinuka kidogo katikati na ina vitundu vya kupitishia maji. Mvua ikianza mkiwa Roma, watu wakikimbilia mikahawani, nyinyi kimbilieni huko mkaone maji yanavyoshuka yamenyooka katikati ya jengo. Wakati mumeo anatazama kuba, wewe utakuwa kwenye kaburi la mchoraji Raphael, aliyefariki mwaka 1520 akiwa na miaka 37 na akazikwa humo humo. Kuingia kunalipiwa.

Colosseum nunueni tiketi mapema kwenye tovuti rasmi. Inaandikwa jina la mwenye kuingia, kwa hiyo bebeni pasipoti. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, na siku hiyo foleni haina mwisho. Kanisa la Mtakatifu Petro wanataka mabega na magoti yafunikwe, kwa wote wawili. Khanga moja mkobani inatosha kabisa.

Prague sina maneno mengi. Daraja la Charles, lililoanza kujengwa mwaka 1357, liendeni saa kumi na mbili asubuhi. Kufika saa nne hamtaona hata sanamu kwa wingi wa watu. Pesa yao ni koruna, si euro. Msibadilishe na mtu wa barabarani, na mashine ya benki ikiuliza mkatwe kwa koruna au kwa pesa ya kwenu, chagueni koruna.

Na jingine, mwanangu: njaa. Italia majiko mengi hufunga baada ya chakula cha mchana, hayafunguliwi tena hadi saa moja au moja na nusu jioni. Mkiwa bado mnatembea saa tisa bila kula, mtakasirikiana, na sababu haitakuwa mnara wala picha. Kaeni mezani kabla ya saa nane.

SWALI

Shangazi, naoa karibuni na mchumba wangu hataki fungate mahali pengine ila Venice. Rafiki zangu wananivunja moyo. Wanasema kunanuka, kumejaa watu, na gondola ni kuibiwa mchana kweupe. Nimwambieje?

Bwana Harusi Mtarajiwa

JIBU

Mwambie mnakwenda. Ila uniahidi kwamba mtalala ndani ya mji wenyewe, si Mestre ng'ambo ya bara kwa sababu chumba ni nafuu. Rafiki zako wengi walifika asubuhi wakaondoka jioni, wakaiona Venice saa zile zile ambazo kila mtu yupo. Mji mkongwe wenyewe una wakazi chini ya 50,000, na mchana wageni huwazidi nguvu. Wakishaondoka, vichochoro vinawarudia wenyeji na wanaolala humo.

Halafu kuna ushuru. Tangu mwaka 2024, katika siku zilizotangazwa za majira ya kuchipua na kiangazi, anayekuja kutembea na kuondoka anatakiwa kulipa kiingilio cha mji, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Anayelala hotelini ndani ya Venice halipi hicho, ila ajiandikishe mtandaoni apate uthibitisho wa msamaha. Hoteli nayo ina kodi yake ya kila usiku.

Kuhusu harufu: maji yakikupwa siku za joto, mifereji midogo inanuka matope. Nendeni Aprili, Mei au Oktoba, hutalikumbuka hilo.

Gondola haina wizi ukiijua bei kabla ya kupanda. Bei iliyowekwa rasmi ni euro 90 kwa nusu saa mchana, na euro 110 baada ya saa moja jioni, kwa chombo kizima na si kwa kichwa. Chagua gati lililo kwenye mfereji mdogo, mbali na Mfereji Mkuu wenye mawimbi ya boti za injini, na mkubaliane muda kwa mdomo. Ikiwa bajeti haifiki, kuna traghetto, gondola ya kuvukia Mfereji Mkuu kwa euro 2. Unavuka kwa dakika chache tu, lakini chombo ni kile kile. Na boti ya abiria ya namba 1 inapita Mfereji Mkuu wote polepole. Tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo mkikaa siku mbili chukueni tiketi ya siku. Pandeni mwanzo wa njia, mkae viti vya nje.

Ninachokuomba usikikose ni asubuhi. Toka na mkeo saa kumi na mbili na nusu, kabla ya chai. Venice haina gari wala pikipiki, kila kitu kinaingia kwa maji: boti ya mboga, boti ya kreti za soda, boti ya mashuka ya hoteli yaliyofuliwa. Wazoa taka wanasukuma mikokoteni yao ya chuma kupanda na kushuka madaraja hadi ukingoni, na hapo boti yenye winchi inaunyanyua mkokoteni mzima, inaupeleka juu ya tangi, sakafu ya mkokoteni inafunguka, taka zinashuka. Mjomba wenu alikuwa akinitoroka kila alfajiri kwenda kuitazama kazi hiyo, na akirudi alinisimulia wakati wa chai kuliko alivyowahi kunisimulia kuhusu jumba lolote la kifalme. Mji unaupenda zaidi ukishajua unavyoishi.

Kisiwani nendeni Torcello, msiishie Murano kununua vioo. Ni kisiwa kitulivu, chenye kanisa la kale na mozaiki ya Siku ya Hukumu iliyojaza ukuta mzima. Bibi harusi anaweza kukwambia hataki kuanza ndoa na Siku ya Hukumu. Mpeleke hata hivyo, iangalieni pamoja.

SWALI

Shangazi, mke wangu magoti yanamsumbua na ngazi nyingi hawezi. Tumeshalipia wiki moja Paris. Nimeambiwa treni za chini kule ni ngazi tupu. Tumekosea kuchagua?

Mzee wa Fimbo Moja

JIBU

Hamkukosea, ndugu yangu. Ni kweli kwamba metro ya Paris ni ya zamani na stesheni nyingi hazina lifti. Njia ya 14 ndiyo yenye lifti kote. Lakini nani amesema lazima mshuke chini? Mabasi yanapita juu ya ardhi, yanashusha sakafu usawa wa njia ya miguu, na kutoka dirishani mji mnauona. Basi namba 69 linatoka karibu na mnara wa Eiffel, linapita jumba la makumbusho la Louvre na Bastille, linaelekea makaburi ya Père Lachaise. Mkiwa na muda, lipandeni mwanzo hadi mwisho kisha mrudi nalo.

Louvre hufungwa Jumanne, na Jumatano na Ijumaa huwa wazi hadi usiku. Hizo jioni ndizo zenu, umati ukishapungua. Wanaazima viti vya magurudumu bila malipo. Mama asione haya kukalia. Jumba lile linachosha hata vijana, na akiwa amekaa ndipo atakapotazama picha badala ya kutazama sakafu. Mona Lisa ni ndogo, sentimita 77 kwa 53, na mbele yake watu wamesongamana. Msimpe zaidi ya dakika kumi za wiki yenu.

Mnara wa Eiffel una lifti, kateni tiketi ya lifti mapema. Kilima cha Montmartre kina kigari cha reli cha kupandishia watu, na kinakubali tiketi ya kawaida ya usafiri. Hapo chini ya kanisa la Sacré-Cœur kuna vijana wanaowafunga watu nyuzi mkononi na wengine wanaotaka saini kwenye karatasi. Mikono mfukoni, "hapana" moja, mpite. Notre-Dame imefunguliwa tena tangu Desemba 2024 baada ya ule moto wa Aprili 15, 2019, na kuingia ni bure. Wekeni nafasi mtandaoni ili mama asisimame kwenye foleni.

Mkienda Juni, jua linazama karibu saa nne usiku. Laleni mchana bila wasiwasi, mtoke tena saa kumi na moja. Mtakuwa bado na saa tano za mwanga, na boti za mto Seine hazina haraka. Muulize mama anataka kukaa upande gani wa boti, kisha mpandishe wa kwanza.